Uzi: Miaka mitano ya udaktari, nani alikufundisha kuandika dawa?

#1 Mtarajali_Zamu
Wakuu salaam. Niko mwezi wa nne wa utarajali, hospitali sitaitaja. Juzi saa nane usiku muuguzi kaniletea faili la mtoto wa kilo 12, homa 39. "Daktari, andika dawa." Kalamu ikagoma.

Parasetamo naijua tangu niko shule ya msingi. Famakolojia, yaani somo la dawa, nilipata B+, naweza kukueleza habari za prostaglandini mpaka usinzie. Lakini miligramu ngapi kwa kilo, ni mililita ngapi za ile chupa iliyopo dirishani, mara ngapi kwa siku, na mama aambiwe nini, hayo nilikuwa nayasaka kwenye simu huku mama mtu ananikazia macho.

Ndipo nikagundua kwamba ndani ya miaka mitano hakuna siku mtu alinipa karatasi tupu akasema "mwandikie mgonjwa huyu", halafu akaisahihisha. Nimesahihishwa namna ya kugonga kifua, namna ya kupapasa ini, hata namna ya kusimama kitandani kwa mgonjwa. Cheti cha dawa, hapana. Nimejifunza kwa kunakili alichoandika aliyenitangulia.

Hoja yangu: vyuo vinatufundisha dawa, havitufundishi kuandika dawa. Nipingeni.

#2 Chumvi Kidogo
Anzeni kwanza kufundishwa kuandika tu, hizo dawa zitafuata. Wiki iliyopita nimepeleka cheti dukani, muuzaji kakigeuza juu chini mara mbili, halafu akaniuliza, "Kwani unaumwa nini?"

#3 Famasia ya Kona
Chumvi unacheka, ila ndiyo kazi yetu ya kila siku, kutafsiri.

Mtoa uzi, nakuunga mkono nusu. Nipo dirisha la dawa mwaka wa kumi na moja huu. Makosa ninayorudisha mengi si ya kutojua dawa. Mtu kaandika 1.0 mg, nukta haionekani, inasomeka 10. Mwingine anaandika insulini 4U, ile U inafanana na sifuri, mgonjwa angepata yuniti 40. Mwingine anaandika 5/7 kwenye karatasi anayoondoka nayo mgonjwa, mgonjwa ananiuliza "nimepata tano kwa saba?" Kwetu 5/7 ni siku tano, 2/52 wiki mbili, 3/12 miezi mitatu, lakini mama wa watu atajuaje?

Kubwa zaidi niliyowahi kushika ni methotreksati ya mgonjwa wa baridi yabisi. Dawa hiyo kwa ugonjwa huo hunywewa mara moja kwa WIKI. Cheti kilisema kila siku. Nilimpigia aliyeandika, akanishukuru, akasema alinakili kutoka ukurasa wa nyuma wa faili. Nikaufungua huo ukurasa. Aliyetangulia naye alikuwa amekosea.

#4 Mzizi wa Mbuyu
Kwa hiyo tunatibiwa kwa kunakiliana kama mtihani wa darasa la saba. Asante kwa taarifa.

#5 Mwalimu Wodi Tatu
Nafundisha, chuo nakihifadhi. Mtoa uzi hajakosea ila hii si habari mpya. Famakolojia iko miaka ya mwanzo, mwanafunzi hajamwona mgonjwa bado. Anajifunza kwa makundi ya dawa: hizi zinazuia kimeng'enya hiki, zile zinaziba kipokezi kile. Akifika wodini mgonjwa haji na kundi la dawa, anakuja na kikohozi. Inabidi ageuze kichwa chote, na hapo katikati hakuna mwalimu. Sisi wa famakolojia tunadhani watu wa wodini watalimaliza, wa wodini wanadhani sisi tulishalimaliza.

Dawa ya tatizo hili ilishaandikwa. WHO walitoa mwongozo wa kuandika dawa vizuri, nadhani 1977, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Groningen kule Uholanzi. Unaanza na tatizo la mgonjwa, unajiuliza unataka kufikia nini, unachagua tiba, unaandika, unamweleza mgonjwa, unafuatilia. Na dawa unazozichagua zinakuwa ZAKO: kwa kila tatizo la kawaida umeshakaa chini mapema ukapima ufanisi, usalama, kumfaa mgonjwa na bei. Saa nane usiku huanzi moja.

#6 Ughaibuni77
Mwalimu, samahani, 1977 ni orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya WHO. Mwongozo unaousema ni wa 1994.

#7 Mwalimu Wodi Tatu
Sahihi, nimechanganya. Ahsante. Na mwaka uliofuata, 1995, matokeo ya jaribio lake yalitoka kwenye jarida la Lancet: wanafunzi 219 wa vyuo saba, kuanzia Lagos na Kathmandu mpaka San Francisco. Baadhi yao walifundishwa kwa mfano wa maumivu. Waliofundishwa waliwashinda wenzao hata kwenye matatizo ambayo hawakufundishwa, na baada ya miezi sita walikuwa bado mbele.

#8 Mzizi wa Mbuyu
Waliwashinda wapi, kwa wagonjwa au kwenye karatasi?

#9 Mwalimu Wodi Tatu
Kwenye karatasi, visa vya wagonjwa vya kuandikwa. Swali lako ni zuri kuliko ninavyopenda.

#10 Chumvi Kidogo
Turudi kwa mtoto wa kilo 12. Madaktari wote mliopo humu, bila kugusa simu: parasetamo miligramu 15 kwa kilo, chupa ina 120 katika mililita 5. Mpimie.

#11 Kisauni_01
180. Yaani mililita 7 na nusu.

#12 nimechoka_2
kijiko kimoja

#13 Famasia ya Kona
Kisauni kapata. Kijiko kimoja na nusu, kwa maana ya kijiko cha mililita 5. Cha nyumbani kinaweza kuwa kidogo kuliko hapo, kinaweza kuwa kikubwa, na kile cha kupakulia mchuzi ni msiba. Ndiyo maana natoa bomba la sindano lisilo na sindano, naweka alama kwa kalamu, namwambia mama "vuta mpaka hapa". Hilo nalo ni kuandika dawa, mtoa uzi, kwa sababu ukiandika tu "7.5 ml" umemwachia nani kazi?

#14 Mama Nassir
Jamani mimi si daktari, niruhusiwe. Hili la maelezo limenigusa. Marehemu bibi yangu huko Pangani aliandikiwa antibayotiki, bahasha ikaandikwa "1 x 3 kutwa". Bibi Kiswahili chake kilikuwa cha ndani. Kwake kutwa ni kutwa, jua likiwa juu. Basi kidonge cha kwanza baada ya alfajiri, cha pili adhuhuri, cha tatu kabla ya magharibi, na usiku mzima hakuna kitu. Tulipomuuliza akasema, "Wangetaka usiku wangesema kutwa kucha."

#15 Chumvi Kidogo
Bibi kawashinda wote humu.

#16 Famasia ya Kona
Mama Nassir umeniharibia siku. Nimeandika "kutwa mara tatu" miaka kumi na moja. Zimechapishwa hivyo kwenye bahasha zenyewe! Kuanzia kesho nasema "kila baada ya saa nane".

#17 Mzizi wa Mbuyu
Akisikia "saa nane" atameza saa nane mchana na saa nane usiku.

#18 Famasia ya Kona
😂 Nimeacha kazi.

#19 Babu Tabibu
Wanangu, nimewasoma kimya kimya. Mimi ni daktari msaidizi mstaafu, nilianzia utabibu zahanati ya bonde moja miaka ya themanini. Wakati ule kulikuwa na mpango wa dawa muhimu, Wadenmaki walitoa fedha kupitia UNICEF, kila mwezi linakuja kasha limefungwa. Ndani kuna klorokwini ya malaria, aspirini, penisilini, ORS, dawa za minyoo na vichache vingine. Kuandika dawa kulikuwa kuzuri kwa sababu ya kilichomo kwenye kasha. Huwezi kuandika usichonacho.

Leo kijana ana maduka ishirini barabara moja, kila duka lina majina mia ya biashara, na watu wa kampuni wanampitishia kalamu na kalenda. Mnasema hakufundishwa. Mimi sikufundishwa zaidi yake! Nilikuwa na dawa chache nazijua kama watoto wangu.

Nawapa na moja. Klorokwini ilikuwa inawasha. Mgonjwa anakwambia "hiyo siimezi, itanitoa ngozi". Ukishindwa kumweleza anaitupa mtoni akikutoka machoni. Kwa hiyo nilijifunza kuuliza kabla sijaandika, na aliyenifundisha ni mgonjwa. Ilipoletwa dawa ya mseto 2001 tukapumua.

#20 Kisauni_01
Shikamoo mzee. 2001 kwenu ilikuja SP, dawa nyingine ya malaria, badala ya klorokwini. Mseto, yaani ALu, ni 2006 kwenda mbele.

#21 Babu Tabibu
Marahaba mwanangu. Kweli, katikati hapo palikuwa na SP. Uzee.

#22 Kisauni_01
Mimi ni klinikal ofisa, Mombasa. Nakubaliana na Babu kuliko Mwalimu. Huku kilichonisaidia ni kile kijitabu kidogo cha itifaki za watoto, kinaingia mfukoni. Uzito upande huu, dozi upande ule, umemaliza. Sikuhitaji kuwa na "dawa zangu", nilihitaji jedwali. Ukimwachia kila daktari achague dawa zake mwenyewe, utapata madaktari mia na dawa mia.

#23 Mwalimu Wodi Tatu
Nanyi mtapata wasoma jedwali mia watakaokwama siku mgonjwa hayumo kwenye jedwali. Mtoto wa kilo 12 mwenye figo mbovu, yuko safu gani?

#24 Kisauni_01
Huyo namwita mkubwa. Wale tisini na tisa nimeshawatibu.

#25 Ughaibuni77
Nafanya kazi Uingereza, niwape picha ya huku. Kulikuwa na utafiti mkubwa, taarifa yake ilitoka 2009, hospitali 19, maagizo ya dawa zaidi ya 124,000. Takriban 9 katika kila 100 yalikuwa na kosa. Huku ambako kuna kila kitu! Ndiyo ukaja mtihani wa kitaifa wa kuandika dawa kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Saa mbili, maswali 60: kuandika, kukagua cheti cha mwingine, kupiga hesabu ya dozi, kumweleza mgonjwa. Na UNARUHUSIWA kufungua kitabu cha dawa. Hawakupimi kumbukumbu, wanakupima kama unajua pa kutafuta na wakati wa kutafuta. Mtoa uzi, usione aibu kushika simu saa nane usiku. Aibu ni kutoishika.

#26 Mzizi wa Mbuyu
Makosa 9 katika 100? Kwa hiyo huko kila mgonjwa wa kumi na moja anauawa na daktari mchanga. Na bado mnakimbilia huko.

#27 Ughaibuni77
Taratibu. Kosa la kuandika halijawa kosa kwa mgonjwa. Mengi sana yalinaswa na wafamasia na wauguzi kabla dawa haijatoka. Na usiwabandike wachanga peke yao: madaktari wa mwaka wa kwanza kazini walikosea kama 8 katika 100, wa mwaka wa PILI wakapita 10, na mabingwa wenyewe karibu 6.

#28 Mtarajali_Zamu
Hiyo ya mwaka wa pili inanitisha. Ina maana nikizoea nitakuwa mbaya zaidi?

#29 Famasia ya Kona
Mwaka wa kwanza mnauliza. Wa pili mmeacha kuuliza. Hayo ni maoni yangu ya dirishani, sina takwimu.

#30 Babu Tabibu
Au mwaka wa pili anapewa wagonjwa wagumu zaidi. Usimhukumu mapema.

#31 nimechoka_2
wakuu samahani kutoka nje ya mada, nina UTI sugu mwaka wa pili sasa, nimetumia sindano za seftriaksoni mara nne na sipro, kila nikipima wanasema bado ipo na taifodi pia imeonekana. nitumie nini

#32 Chumvi Kidogo
Mada imejileta yenyewe.

#33 Mwalimu Wodi Tatu
Ndugu yangu, humu hakuna atakayekuandikia dawa, na ukipewa usiimeze. Nenda hospitali, omba mkojo uoteshwe maabara ndipo dawa ichaguliwe, na uwaambie zote ulizokwishatumia. Hiyo taifodi, uliza walipima nini. Kama ni Widal, kipimo hicho kinaonyesha chembe za kinga tu. Zinaweza kuwa za zamani, au za ugonjwa mwingine kabisa.

Sasa mtoa uzi, tazama hapa. Huyu ndugu hakuumizwa na cheti kibovu. Pengine kila cheti alichopewa kilikuwa na dozi sahihi na mwandiko mzuri. Kilichokosekana ni hatua ya kwanza, tatizo lenyewe ni nini. Kuna utafiti wa 2004 wa hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, Tanzania. Kati ya waliolazwa na kutibiwa malaria kali, chini ya nusu ndio walikuwa na vimelea kwenye damu. Dozi ya kwinini huenda iliandikwa vizuri kabisa.

#34 Kisauni_01
Na kipimo cha haraka cha malaria kilipokuja, dawa za malaria zikapungua, antibayotiki zikapanda. Ukimwambia mtu "si malaria" lazima umpe kitu kingine.

#35 Mzizi wa Mbuyu
"Lazima"? Nani kasema? Mnatusingizia wagonjwa. Mimi binafsi nimeshatoka kwa daktari na dawa saba kwa mafua. SABA. Sikuomba hata moja, nilienda kutafuta karatasi ya kumwonyesha bosi.

#36 Mama Nassir
Wengine tunaomba, tuseme ukweli. Ukitoka na maji ya chumvi na sukari tu kwa mtoto anayeharisha, mama mkwe anakuuliza umeenda hospitali au umeenda jikoni kwa watu.

#37 Mwalimu Wodi Tatu
Mzizi ana hoja. Indonesia waliwahi kuwakalisha pamoja waandika dawa na akina mama, kila upande useme unachotaka. Waganga walikuja wakiamini wagonjwa wanadai sindano. Akina mama wakasema hawazidai. Baada ya vikao sindano zilishuka kutoka karibu 70 katika kila wagonjwa 100 hadi kama 42. Haikuwa famakolojia, walikaa tu chumba kimoja wakasikilizana.

(Mama Nassir, hayo maji ya ORS pamoja na zinki siku 10 hadi 14 ndiyo tiba yenyewe. Mwambie mama mkwe.)

#38 Famasia ya Kona
Hamjagusa pesa. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, binafsi, siitaji jina. Kila Ijumaa daktari alisomewa mauzo yake. Aliyeandika dawa mbili kwa mgonjwa aliulizwa kama anaumwa. Huyo hata umpeleke Groningen miaka mitatu, Ijumaa itafika tu.

#39 Kisauni_01
Na upande wa serikali ni kinyume. Unaandika amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwa nimonia ya mtoto, sawasawa na mwongozo, dirishani hakuna. Unaandika kilichopo. Kesho mwanafunzi anasoma faili lako, anadhani ndiyo elimu.

#40 Babu Tabibu
Kwa hiyo tumerudi kwenye kasha.

#41 Mwalimu Wodi Tatu
Babu, kasha lilikuwa na tabu zake. Zahanati yenye wagonjwa wengi na yenye wachache zilipata kasha lile lile. Huku inaisha, kule inaharibika.

#42 Babu Tabibu
Hilo kweli. Dawa za minyoo tulizirundika mpaka dari.

#43 Chumvi Kidogo
Mimi nasubiri mtu aseme kompyuta zitamaliza yote.

#44 Ughaibuni77
Zinamaliza mwandiko, ndiyo. Ila unapata kosa jipya: unabofya mstari wa chini badala ya wa juu, dawa ya jirani. Na mashine ikikupigia kengele mara arobaini kwa siku, ya arobaini na moja unaizima bila kuisoma.

#45 Mtarajali_Zamu
Nimetoka raundi, nimesoma zote. Shukrani, hasa kwa Bibi wa Pangani.

Naona kila mtu kaniambia tatizo liko kwingine. Mwalimu anasema utambuzi wa ugonjwa, Kisauni jedwali, Babu wingi wa dawa, Famasia pesa za Ijumaa. Sijashawishika kuacha hoja yangu. Yote hayo yapo, ila bado hakuna aliyenisahihishia cheti. Kwa hiyo nimefanya kitu. Nimemwomba mfamasia wa hapa kwetu kila siku achukue vyeti vyangu vitano, vyovyote, avichore kwa kalamu nyekundu, nipitie jioni. Amekubali kwa sharti la chai na chapati mbili.

#46 Famasia ya Kona
Amejiuza bei rahisi. Mimi ningetaka na supu.

#47 Mzizi wa Mbuyu
Na mabingwa wako vyeti vyao vinachorwa na nani?

#48 Mtarajali_Zamu
Mkuu, mimi nina miezi minane imebaki nimalize salama. Swali hilo muulize Mwalimu.

#49 Mwalimu Wodi Tatu
Kuna kamati ya dawa na tiba kila hospitali kubwa, kazi yake mojawapo ndiyo hiyo. Inakutana mara ngapi na nani anathubutu kufungua faili la bingwa, hayo uliza hospitalini kwako.

#50 nimechoka_2
nimeenda leo wameoteshea mkojo majibu baada ya siku tatu. daktari kaniambia nisitumie chochote kwanza. nimelipa hela nikatoka bila dawa, hii ni sawa kweli?

#51 Mama Nassir
Ni sawa mwanangu, subiri. Ila homa ikipanda au mgongo ukauma, usisubiri hizo siku tatu, rudi.

#52 Mtarajali_Zamu
Siku ya kwanza ya kalamu nyekundu. Vyeti vitano, viwili vimerudi. Cha kwanza niliandika diklofenaki kwa mzee mwenye vidonda vya tumbo, historia iko ukurasa wa pili wa faili, sikufungua. Kosa langu, nimemfuata mzee kitandani nikabadilisha. Cha pili amechora amoksilini ya mtoto anayekohoa, kaandika pembeni "kwa nini?" Mtoto anapumua mara 46 kwa dakika, ana miezi kumi. Mimi nasema haijafika 50 inayohesabiwa nimonia kwa umri huo, lakini sikupenda sura yake. Yeye anasema sura si kipimo. Hatujamaliza, chai ilipoa.